Kinachopotea Picha Inapopunguzwa

Msimu wa mahafali ukifika katika Chuo Kikuu cha Maseno, kibao cha ikweta kilicho kando ya barabara ya Kisumu–Busia hakipumziki. Mhitimu husimama na joho lake upande wa kusini, mama yake upande wa kaskazini, simu zikainuliwa, na kabla ya jua kutua picha zimekwisha kufika kwa shangazi aliye Mombasa, kwa kaka anayefanya kazi Doha na kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo mzima.

Njiani picha hizo hubadilika. Iliyotoka kwenye kamera ilikuwa na pikseli milioni 12. Inayopokelewa Doha aghalabu ina milioni mbili, au chini ya hapo. Nyusi zimeungana na ngozi, herufi za kibao zimezungukwa na vidoadoa, meno hayahesabiki tena. Aliyeipokea hufungua programu ya kuhariri, akavuta kitufe cha kunoa mpaka mwisho, na hapo mambo huzidi kuharibika: kila ukingo unaota mstari mweupe, na shavu laini la kijana linaonekana limejaa vumbi.

Lawama hutupiwa simu, au mtandao. Chanzo hasa ni hesabu, hesabu ambayo wanasayansi wameifahamu kwa miongo mingi na ambayo mtu yeyote mwenye simu ya kawaida anaweza kuitumia kwa faida yake. La kushika ni hili: kunoa picha hakurudishi kilichopotea. Kunoa hulisaidia jicho kukiona vizuri kile kilichobaki. Ukilielewa hilo, utajua nini kifanywe kwanza, nini kiwe cha mwisho, na nini kisifutwe kamwe.

Jicho la omena

Mwaka 1957, Russell Kirsch, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alichukua picha ya mwanawe mchanga, Walden, akaipitisha kwenye mashine ya kuskani aliyoiunda na wenzake, ikaingia kwenye kompyuta. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976 kwa jumla. Simu ya leo hunasa zaidi ya mara 380 ya hizo, lakini msingi ni uleule. Picha ya kidijitali ni jedwali la miraba midogo, yaani pikseli, na kila mraba una namba zinazoeleza mwangaza na rangi yake. Hakuna kingine ndani yake.

Sasa twende ziwani. Katika fuo za Victoria, kutoka Dunga hadi Usenge, omena huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, maelfu kwa maelfu, ziking'aa juani. Mama anayeuza kwa gorogoro katika soko la Luanda, si mbali na Maseno, anataka kumwonyesha mteja wa Nairobi kwamba mzigo wake ni mzima, haujakatikakatika wala haukuchanganyika na mchanga. Anapiga picha sehemu ya wavu yenye upana wa mita 2. Kamera yake ina pikseli 4,000 kwa upana, kwa hiyo kila pikseli inabeba nusu milimita. Omena mwenye urefu wa sentimita 5 anapata pikseli 100 toka kichwa hadi mkia, na jicho lake la milimita 2 linapata 4. Mteja akikuza picha ataliona jicho, na kwa jicho hilo atajua samaki ni mzima.

Picha ikipunguzwa hadi pikseli 1,000 kwa upana, omena yule anabaki na pikseli 25 na jicho lake pikseli moja: kidoa cheusi, lakini kipo. Ikipunguzwa hadi 500, jicho linapata nusu ya pikseli. Hakuna nusu ya pikseli. Weusi wa jicho unachanganywa na rangi ya fedha ya ngozi inayolizunguka, na kinachotokea ni kijivu hafifu. Jicho limekwenda, na hakuna kitufe cha kunoa kitakacholirudisha, kwa sababu namba iliyolibeba haipo tena kwenye jedwali.

Kanuni inayotawala jambo hili ilianza kuandikwa na watu waliokuwa wakishughulika na simu za waya na telegrafu. Harry Nyquist aliigusa mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov wa Urusi akaieleza mwaka 1933, na Claude Shannon akaithibitisha kwa ukamilifu katika makala yake ya mwaka 1949. Inasema kwamba ili kunasa wimbi lolote, unahitaji zaidi ya vipimo viwili kwa kila wimbi. Safu za pikseli hufanya kazi kama wavu wa mvuvi: kilicho kidogo kuliko tundu hakikamatwi. Ila katika picha kuna hatari ya ziada. Mistari ambayo ni myembamba mno kwa safu hizo, isipoondolewa mapema, hugeuka kuwa mistari minene ya uongo. Tazama picha iliyopunguzwa ovyo ya nyumba yenye paa la mabati ya mawimbi, utaona mikanda mipana ikipita juu ya paa, mikanda ambayo fundi hakuiweka. Hata chandarua na shati la mistari hufanya hivyo.

Ndiyo maana kupunguza picha ni kazi inayohitaji uangalifu. Ukitoka pikseli 4,000 hadi 1,000 kwa upana, kila pikseli 16 za zamani, nne kwa nne, zinapaswa kutoa moja mpya. Programu isiyojali huchukua mojawapo na kutupa 15 zilizobaki. Matokeo yake ni kingo zenye meno na mabati yenye mikanda. Programu nzuri hupima zote, pamoja na majirani zao, na kupata wastani uliopimwa kwa uzito. Katika programu nyingi za kuhariri utakuta chaguo lenye jina la Lanczos, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria. Ni mojawapo ya njia hizo za uangalifu.

Kuna jambo moja ambalo hata programu nyingi nzuri hulikosea. Namba za mwangaza katika picha ya kawaida, kutoka 0 hadi 255, hazipandi sambamba na mwanga wenyewe. Namba 128 iko katikati ya kipimo, lakini inawakilisha takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa 255. Pikseli moja nyeusi kabisa na moja nyeupe kabisa zikichanganywa kwa mwanga wa kweli hutoa 188. Programu ikichukua wastani wa namba tupu hupata 128, na hapo mng'ao mdogomdogo hufifia. Waathirika wakubwa ni vitu kama omena juani, mawimbi ya ziwa adhuhuri na taa za mji usiku. Kama programu yako ina chaguo la kufanya hesabu katika mwanga halisi, lichague.

Ujanja wa jicho

Hata picha iliyopunguzwa kwa njia bora hutoka ikiwa laini kidogo. Wastani ni wastani: ukichanganya cheusi na cheupe, tofauti yao hupungua. Tena, picha ya simu huzaliwa na ulaini wake. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi ambao kamera nyingi hutumia hadi leo. Kila nukta ya kihisi huona rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu. Zile mbili nyingine hukadiriwa kutoka kwa nukta jirani. Makadirio hayo huleta ukungu mdogo, na ndiyo sababu simu yako huinoa picha mara moja kabla hata hujaiona.

Kunoa kunafanyaje kazi? Jibu linaanzia machoni mwetu. Siku ambayo anga ni jeupe, simama Maseno utazame vilima vya Bunyore. Pale kilima kinapokutana na anga, utaona anga limezidi kung'aa na kilima kimezidi weusi, wembamba wa uzi tu. Mwanga haujabadilika pale. Ubongo umeongeza tofauti. Mwanafizikia Ernst Mach wa Austria aliandika kuhusu hali ya namna hii mwaka 1865. Karne iliyofuata, Haldan Keffer Hartline aliichunguza katika macho ya kiumbe wa baharini aitwaye Limulus, akagundua kwamba seli ya jicho inayopokea mwanga mwingi huwapunguzia nguvu majirani zake. Kwa sababu hiyo, seli zilizo mpakani mwa nuru na kivuli hutoa ishara iliyotiwa chumvi. Utafiti huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Jicho basi hutafuta mipaka, na lilianza kunoa kabla ya kamera yoyote kuundwa.

Mafundi wa kusafisha picha katika chumba cha giza walijifunza kuuiga ujanja huo. Walitengeneza nakala chanya yenye ukungu ya negativu, wakaibandika pamoja na ile ya asili, wakachapa zote mbili kwa pamoja. Miaka ya 1970, David Malin wa kituo cha anga cha Anglo-Australian aliutumia kufichua miundo hafifu ya magalaksi. Kompyuta na simu hufanya jambo hilohilo kwa namba, na hesabu yake ni fupi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa kalamu.

Chukua mstari mmoja wa pikseli unaovuka kutoka joho jeusi kwenda kwenye anga: 60, 60, 60, 180, 180, 180. Tengeneza nakala yenye ukungu kwa kuipa kila pikseli wastani wake na jirani zake wawili. Utapata 60, 60, 100, 140, 180, 180. Toa nakala hiyo kutoka kwa asili: 0, 0, −40, +40, 0, 0. Angalia kilichobaki. Kila mahali pametulia isipokuwa mpakani. Sasa rudisha nusu ya tofauti hiyo kwenye asili: 60, 60, 40, 200, 180, 180. Ukingo wa joho umekuwa mweusi zaidi na anga linalougusa limekuwa jeupe zaidi. Hakuna uzi mpya wa joho ulioonekana, wala hakuna habari mpya iliyoingia. Jicho limepewa mpaka ulio wazi, nalo linaridhika kwamba picha ni kali.

Rudisha tofauti yote badala ya nusu, na ukungu uwe mpana wa pikseli nne au tano, utapata ule mstari mweupe unaozunguka kichwa cha mhitimu. Ndiyo maana kitufe cha kunoa katika programu nzuri kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kiasi cha tofauti kinachorudishwa. Ya pili ni upana wa ukungu. Kwa picha ndogo ya kutumwa mtandaoni, nusu ya pikseli hadi pikseli moja inatosha. Ya tatu ni kizingiti, yaani tofauti ndogo kuliko kiwango fulani zisiguswe. Kizingiti hiki ni muhimu sana kwetu. Ngozi nyeusi na joho jeusi huangukia kwenye namba za chini, ambako kelele za kihisi cha simu, yaani chembechembe zisizo sehemu ya picha, huonekana zaidi. Bila kizingiti, programu hudhani kelele ni mipaka, ikainoa, na uso mzuri wa mtoto wa watu ukatoka na chembechembe. Uso unastahili kunolewa machoni, midomoni na kwenye nywele. Shavu liachwe kama Mungu alivyoliumba.

Hapa ndipo mpangilio wa kazi unapojieleza. Ukinoa picha ya pikseli 4,000 kisha ukaipunguza, mistari myembamba uliyoongeza inaingia kwenye wastani na kumezwa; umefanya kazi bure na umekuza kelele. Ukipunguza kwanza, unanoa pikseli zilezile ambazo mtazamaji ataziona. Kwa hiyo punguza kwanza, noa mwisho, tena mara moja.

Bando na miraba minane kwa minane

Hatua ya mwisho ni kuibana picha iwe faili. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina namba milioni 36, kwani kila pikseli ina tatu. Zikiandikwa zote, hiyo ni takriban megabaiti 36. Simu huihifadhi kwa megabaiti tatu au nne, kwa sababu ya kazi ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore nchini India. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti Marekani, wazo lake likakataliwa kwa kuonekana jepesi mno. Hakuliacha. Mwaka 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha hesabu ambayo ilikuja kuwa moyo wa JPEG, kiwango kilichokamilishwa mwaka 1992 na ambacho bado hubeba sehemu kubwa ya picha za dunia.

JPEG huikata picha kuwa miraba ya pikseli nane kwa nane na kuueleza kila mraba kama mchanganyiko wa mawimbi 64, kutoka mapana hadi membamba. Mawimbi mapana huandikwa kwa usahihi. Membamba, ambayo jicho halihisi sana, hukadiriwa kwa ukali, na mengi hugeuka sifuri yasichukue nafasi. Anga tupu la Kisumu halihitaji karibu chochote. Ukingo mkali unahitaji mawimbi membamba mengi, na yakikatwa huacha vile vidoadoa vinavyozunguka herufi za kibao cha ikweta.

Matokeo yake yanagusa mfuko. Picha iliyonolewa kupita kiasi huwa faili kubwa zaidi, au ikibanwa kwa nguvu huharibika haraka zaidi. Kelele ulizozinoa umezilipia bando. Kwa upande mwingine, picha iliyopunguzwa vizuri hadi pikseli 1,600 upande mrefu, ikanolewa kidogo na kuhifadhiwa kwa ubora wa takriban 80, kwa kawaida huwa na kilobaiti mia chache tu na hupendeza kwenye kioo chochote cha simu. Picha 20 za namna hiyo hazifiki megabaiti za picha tatu au nne zilizotumwa zikiwa nzima.

Kabla ya kuhifadhi, itazame picha kwa asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo, kwa sababu ukiitazama ikiwa imekuzwa au kufinywa utadanganyika kuhusu ukali wake. Na kila mara unapoihariri na kuihifadhi upya kama JPEG, au inapopakiwa kwenye mtandao unaoibana upya, mawimbi hukadiriwa tena na makosa huongezeka. Fanya marekebisho yote kwanza, hifadhi mara moja, tuma.

Siku picha itakapohitajika

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya jambo ninalolijali kuliko mng'ao wa picha mitandaoni. Katika familia nyingi za Nyanza, mzee akifariki hutafutwa picha yake ya kuweka kwenye jalada la programu ya mazishi na kwenye bango litakalosimama nyumbani. Mara nyingi inayopatikana ni ile iliyotumwa WhatsApp miaka iliyopita. Ya asili ilifutwa ili simu ipate nafasi. Hesabu haina huruma. Uchapaji mzuri unataka takriban pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo jalada la A4 lenye upana wa sentimita 21 linahitaji pikseli 2,480. Nakala yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha upana wa sentimita 10. Fundi wa uchapishaji huikuza kwa kuwa hana njia nyingine, na uso wa baba unatoka na ukungu mbele ya waombolezaji wote.

Siku hizi kuna programu zinazodai kuurudisha uso kama huo. Baadhi huchora macho na meno kutokana na maelfu ya nyuso nyingine ambazo programu hizo zilijifunza. Zinachotoa ni makadirio ya uso wa mtu wa namna hiyo. Huenda ukapendeza, lakini kope zile si za baba yako. Familia inapaswa kujua hivyo kabla ya kuutundika.

Kinga yake ni nyepesi. Nakala ndogo iwe ya kutuma, ya asili iwe ya kutunza. Hariri nakala, usiiguse ya asili. Unapomtumia ndugu picha ya kuchapisha, itume kama dokumenti, kwa kuwa WhatsApp haiibani namna hiyo. Chaguo la HD lililoletwa mwaka 2023 linasaidia, lakini nalo hubana. Kumbuka tu kwamba dokumenti hubeba pia taarifa za mahali picha ilipopigwa kama simu yako iliziandika, kwa hiyo usiisambaze kwa watu usiowajua.

Tunao mfano wa karibu wa thamani ya kutunza asili. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipiga picha katika nchi ya Waluo, na picha hizo zikahifadhiwa katika Pitt Rivers Museum huko Oxford. Mwaka 2007, chini ya mradi uitwao Paro Manene, nakala zake zililetwa Nyanza na kuonyeshwa kwa jamii ambazo wazee wao walikuwa wamepigwa picha miaka sabini na moja nyuma. Hilo liliwezekana kwa sababu mtu alitunza zile za asili wakati wote huo.

Kazi ya jumba la makumbusho la Oxford sasa iko mikononi mwa kila mwenye simu. Chagua picha za wazazi wako zilizo bora, ziweke za asili mahali pawili tofauti, mathalani kwenye flashi na kwenye kompyuta ya ndugu unayemwamini, na uziandike majina ya waliomo na mwaka. Ukimaliza, tengeneza nakala ndogo, zinoe kidogo, uzitume kwa ukoo mzima.